Jino la Tatu la Mwalimu

Jino la kwanza la bandia alilochonga fundi lilirudishwa kwa kuwa jeupe mno. La pili nalo likarudi, na safari hii daktari alilileta mwenyewe hadi chumba cha nyuma cha kliniki, anamofanyia kazi fundi. Daktari huyo ni mtoto wa dada yake fundi. Fundi alimwogesha akiwa mchanga. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu amekuwa akichonga meno ya watu, na mapengo aliyoyaziba hayana idadi.

"Mama mdogo, labda macho yamechoka," daktari alisema. "La tatu likikataa, kazi hizi nitazipeleka kwenye mashine."

Fundi alikasirika, kisha akaogopa. Fundi wa meno asiyetofautisha weupe na weupe hana kazi. Aliomba jambo moja tu: amwone mgonjwa kwa macho hayohayo yanayoshukiwa.

Mgonjwa alikuwa mwalimu. Skrubu ya kubebea jino la bandia ilikwisha kushika vizuri kwenye taya, lakini miezi sita alikuwa akifundisha huku amefunika pengo kwa daftari. Daktari alimlaza kitini, akamtanua midomo kwa plastiki, akampulizia meno hewa mpaka yakakauka, ndipo akachukua vipande vya sampuli za rangi ya meno ili alinganishe. Fundi alikodoa macho. Kila dakika iliyopita, meno ya mwalimu yalizidi kupauka. Kumbe! Jino likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo, na rangi aliyoletewa fundi mara zote mbili ilikuwa ya meno makavu. Daktari alilisoma hilo chuoni, ila haraka haraka haina baraka.

Fundi akamwomba mwalimu afumbe mdomo, anywe maji, akae dirishani. Walisubiri nusu saa, daktari akinuna na kutazama saa. Rangi ikarudi: umanjano kidogo karibu na ufizi, ncha inayopitisha mwanga, ufa mwembamba kama unywele kwenye jino jirani. Fundi aliandika yote, hata ule ufa.

Baada ya wiki jino la tatu lilifungwa juu ya skrubu. Mwalimu alishika kioo, akatazama, akageuza uso huku na huku. Fundi alisimama mlangoni, roho mkononi.

"Ni lipi?" mwalimu aliuliza.

Daktari alivua glavu polepole. "Mama mdogo, kesho nina mgonjwa mwingine. Uje mapema, kabla sijamkausha."

Fundi alisema atakuja. Kisha akarudi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akalia kwa hasira aliyoimeza tangu jino la pili.