Mdogo wangu kaniletea isale Doha, wenzangu wakalifanya mti wa Krismasi

Wakuu, habari za majukumu.

Naleta kisa changu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha amuulize mama yangu Moshi, ila ajiandae, akianza kusimulia hakatizwi.

Mimi ni mlinzi hapa Doha, naishi camp ya kampuni kule Industrial Area. Mdogo wangu Elia ni dereva wa familia moja Muaither. Tumbo moja, mji mmoja, na mwaka mzima hatusemezani.

Kisa? Krismasi iliyopita Elia alikuwa likizo nyumbani. Mezani, ukoo umejaa, akatangaza kuwa nina mchumba Mganda. Mama nilikuwa sijamwambia, bado natafuta pa kuanzia. Alilia mpaka mtori ukapoa.

Nikamblock Elia kila mahali.

Kichekesho ni kwamba mama na mchumba wangu walishapatana zamani. Siku hizi wanapigiana simu na kunisengenya. Niliyebaki na kinyongo ni mimi tu, na nilikuwa nakitunza vizuri.

Desemba hii mama akatoa onyo. Krismasi anataka kutuona wawili kwenye simu moja, akipiga mmoja peke yake hapokei. Alisema amechoka kubariki watoto nusu nusu, na umri wake si wa kusubiri tena. Hiyo ya umri ilinichoma. Lakini kiburi kikasema Elia ndiye aanze.

Sasa huku Krismasi ni siku ya kazi kama nyingine, hata ibada ya Jumapili sisi tunasali Ijumaa. Nikatoka shift jioni, nikakuta room imechangamka. Katikati kuna ua kwenye chungu. Wafula, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, analipamba kwa pamba na vitaa.

"Buda, brathako ameleta Christmas tree," akaniambia. "Amesema anakungoja kwa gari. Ni kadogo lakini tumekasaidia."

Nikasogea. Wakuu, nikainama nitazame vizuri. Lilikuwa isale.

Kwa wasiojua: kwetu Uchagani ukimkosea mtu unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kuomba msamaha. Akiletewa hakatai. Anayekataa isale, ukoo mzima unamwogopa.

Hapa Doha mmea huo unauzwa kama ua la sebuleni. Basi Elia kanunua chungu kizima, jani moja kalifunga fundo. Na kwenye fundo hilo hilo Wafula katundika kengele.

Nikawaeleza wenzangu. Wafula akaanza kubandua pamba huku akiliomba radhi ua.

Nikatoka nje. Elia alikuwa ndani ya gari, kashika usukani na gari limezimwa.

"Jani moja lingetosha," nikamwambia.

"Kwa kichwa chako kigumu, kaka? Niliogopa." Kisha akashuka. "Nilikosea. Habari ile ilikuwa yako, si yangu kuisema."

Mwaka mzima nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumpasha. Nikaiacha. Nikamkumbatia pale pale, malori yanapita yanatupigia honi.

Tukampigia mama. Alipotuona alituhesabu kwa sauti: mmoja, wawili. Kisha akasema tusali Baba Yetu. Tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti ikanigoma. Elia akasali kwa niaba yangu.

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja moyo uwe tayari ndipo nisamehe. Ungeniweka hapo mpaka tuzikane. Nilipokea isale kwa kuogopa mila, sitaki kuwadanganya. Amani ilikuja baadaye, nikiwa nimeshamshika mdogo wangu, na tangu siku hiyo nalala vizuri.

Wachaga wa humu, isale lenye kengele linahesabika? Mama anasema linahesabika, Elia bado ana wasiwasi. Leteni maoni.

Ila wewe ambaye una ndugu hamsemezani, usicomment kwanza. Mpigie. Sisi tutakusubiri hapa.