Siku Niliyompa Buddha Mgongo

Tulikuwa wanne siku ninayoikumbuka, mwanangu: Nimal, mwenye magari ya watalii kule Sri Lanka; mama yake, Kusuma; Kasyoka, dereva mwenzangu wa Voi; na mimi Mwakio, niliyeacha shule darasa la saba tulipowazika wazazi, wadogo zangu watatu wakinitazama.

Nimal alitafuta mtu mmoja wa kuwapokea wageni wake kwetu, mbugani Tsavo. Alitualika kwao mimi na Kasyoka, atupime. Nikichaguliwa, wadogo zangu wangebaki shuleni.

Asubuhi tulitazama ndovu bwawani. Jike mmoja alitanua masikio akatujia. Nikamwambia Nimal azime gari, tutulie tukimtazama. Jike akatupita.

"Huyu hata ndovu wa ng'ambo wanamjua!" Kasyoka akacheka. Kichwa kikanivimba.

Mchana tulivua viatu kwenye hekalu la Wabuddha. Bila kuuliza mtu, nikaipa mgongo sanamu kubwa ya Buddha, nikajipiga picha niwatumie wadogo zangu nyumbani Kaloleni. Watu wakageuka kunitazama. Mama Kusuma akanijia, Nimal akifasiri maneno yake:

"Mwanangu, asubuhi hukuthubutu kumpa ndovu mgongo. Huyu tunayemheshimu kuliko ndovu, umempaje mgongo?"

Kasyoka akaninong'oneza, "Sema hukujua, wee! Tutarudishwa Voi leo."

Ulimi ulikuwa tayari kusema hivyo. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilifuta picha. "Mama, nimekosa. Nifundishe."

Nikarudi hadi langoni, nikaanza upya nyuma ya Mama Kusuma na maua mkononi, mawe yaliyochomwa na jua yakinirusha kama kuku. Hata yeye alicheka.

Jioni Nimal alinishika mkono. "Wajuzi wa ndovu nimewaona wengi. Wageni wangu nampa anayekubali kufundishwa."

Mwanangu, nilipiga kelele kama mtoto! Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule, na mdogo wa mwisho leo ni mwalimu.

Basi sikia. Kutojua hakukuniponza, kiliniponza kichwa kilichovimba hata nikaacha kuuliza. Ukikosea patakatifu pa watu, usijifiche nyuma ya "sikujua". Kiri, uliza, anza tena. Mungu akupe miguu ya kufika mbali na shingo inayojua kuinama.

Mimi ningali na deni. Mama Kusuma aliniomba siku moja nimpandishe vilimani kwetu, kwenye pango la mafuvu ya wahenga, patakatifu petu, nimfundishe pa kukanyaga. Bado sijamleta.