Bei Alipowaita Wakulima Wapenzi

Hadi leo nikikutana na mkulima wa karoti kutoka Mgeta najifanya naongea na simu, aibu bado ninayo, na siwezi kumsingizia mtu, maana kila kitu nilikifanya kwa vidole vyangu mwenyewe.

Umoja wa wakulima wa mboga wa kule milimani una seva yake ya kutumiana ujumbe, na mimi nilipewa kazi ya kuunda programu ndogo ya kuunganisha kwenye seva hiyo, ili mkulima akiandika "karoti" ajibiwe bei ya sokoni palepale. Programu nikaiita Bei. Siku ya mkutano wao mkuu, ukumbini hapa Morogoro mjini, nimekaa nyuma na laptopu na seva bado inaikataa Bei, inasema neno la siri silo, narekebisha, inakataa, narekebisha tena, mara ikaandika "imeunganishwa". Nusura nipige kelele za furaha (wanaoandika programu watanielewa).

Sasa badala ya kuhamia seva ya majaribio, isiyo na wanachama, nikasema ngoja nijaribu humuhumu. Na kwa ile raha niliyokuwa nayo, kwenye jibu la muda, lile la kujibu ujumbe wowote, nikaandika, "Mpenzi, nimefika, niambie." Nikabonyeza. Nilidhani ujumbe utanijia mimi peke yangu, kumbe nimeiagiza Bei isalimie wanachama wote.

Simu zikalia ukumbi mzima.

Mwenyekiti, Mzee Dismas, alikuwa anahutubia, simu yake kaishika mkewe, Mama Yulita, kiti cha mbele. Mama akasoma, akasimama.

"Baba Yulita, Bei ni nani?"

"Bei ya nini?"

"Huyu anayekuita mpenzi."

Mama akaandika, "Wewe ni nani?" na Bei, mtiifu kabisa, ikamjibu, "Mpenzi, nimefika, niambie." Wengine nao wakaanza kuuliza, na kila aliyeuliza akaitwa mpenzi tena, na mimi huku nabonyeza kuizima na laptopu imeganda. Nikaona bora nisimame.

"Shikamooni wazee. Bei ni mimi."

(Fikiria, kati ya maneno yote ya Kiswahili, nikachagua hayo.)

"Marahaba," akasema Mama Yulita, taratibu. "Njoo huku mbele nikuone."

Nikaenda na laptopu yangu kifuani, nikaeleza kwamba ni programu, haina macho wala haimtaki mume wa mtu. Laptopu ilipozinduka nikabadilisha jibu mbele yake, nikamwomba aandike "karoti". Bei ya karoti ikaja. Akaisoma, akamwonyesha mumewe, akaanza kucheka hadi akakaa chini, na ukumbi wote ukacheka naye. Kazi wakaipokea, ila milimani hadi sasa naitwa Mpenzi wa Mwenyekiti.

Tangu hapo, programu yangu ikikubali kuunganishwa, nanyanyuka kwenye kiti, natoka nje, nakunywa chai kikombe kizima, ndipo narudi kugusa kitufe chochote.