Mwisho Ambao Sikumsomea Fundi

Kabla ya kuandika natawadha. Wengine huona ajabu, kwa kuwa ninachoandika ni hadithi za kubuni, si mawaidha. Zamani nilimwuliza mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyenifundisha herufi za kwanza juu ya ubao, kama kubuni hadithi ni kusema uongo. Alifikiri mpaka alasiri ikaingia, kisha akajibu: "Ukisema tangu mwanzo kwamba ni hadithi, hujamdanganya mtu." Namshukuru Mungu kwa jibu lile. Limenitosha maisha yangu yote.

Mimi husoma baada ya alfajiri. Kurani kwanza, halafu kitabu chochote kilichopo, nikisogeza midomo, na ukurasa ulionipendeza naurudia. Vitabu vya ujana wangu nilivipata kwa wauzaji waliovitandaza chini kule Makiso, mtaa wa mjini kwetu, karibu na bandari ya mto. Vingi vilikuwa vya Kifaransa, vichache vya Kiswahili vilikuja na malori ya mashariki. Vilikuwa vimepita mikono mingi. Unyevu wa mto ulikula gundi, na kurasa za mwisho ndizo zilizoanguka kwanza. Nilikuwa nasoma kitabu kizima nisijue kama bwana harusi alifika au mwizi alikamatwa.

Ndivyo nilivyoanza kubuni, na sikubuni peke yangu. Nilikuwa na rafiki, fundi cherehani, ambaye tulikaa mkeka mmoja chuoni. Nilivipeleka vitabu vile kibandani kwake nikamsomea kwa sauti, nikimfasiria Kifaransa kilipokuwa kigumu, na pale kurasa zilipokwisha tuliimaliza hadithi wawili. Yeye alitaka kila mtu aoe.

"Wewe unapenda kuua watu," alikuwa akiniambia.

"Na wewe unapenda kuwavalisha suti."

Nilipoanza kuandika vyangu, nilimsomea yeye kwanza, karibu kila siku baada ya alasiri. Hakuwa mtu wa kusifu. Lakini niliposoma sentensi ya kawaida, mguu wake uliendelea kukanyaga na cherehani ikaendelea kulia. Niliposoma sentensi nzuri, cherehani ilinyamaza. Sikuhitaji maoni mengine. Zile ambazo cherehani ilizipita nilirudi nazo nyumbani nikaziandika upya.

Sina mchapishaji. Kazi zangu hupigwa kwenye kompyuta katika kibanda kimoja cha mjini, hutolewa fotokopi, kisha nashona mgongo mwenyewe kwa uzi mzito, ule aliokuwa akinipa fundi. Nikimaliza napanda toleka, baiskeli zetu za abiria, nawapelekea wasomaji mpaka milangoni.

Kitu kimoja sikumsomea fundi hata mara moja, nacho ni mwisho. Huo aliupata kitabu kilipokwisha kushonwa, akaufungua mwenyewe. Niliona ndiyo zawadi inayomfaa mtu tuliyesumbuka naye ujanani: kitabu chenye kurasa zote.

Hadithi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mwanamke ambaye mume wake alikwenda Bafwasende kuchimba dhahabu, asirudi. Kila jioni mwanamke yule anamwekea sahani ya chakula na kuifunika. Majirani wanamcheka, kisha wanamhurumia, kisha wanazoea. Fundi aliisikia yote isipokuwa sura ya mwisho, na cherehani yake haikuwahi kunyamaza mara nyingi hivyo. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa uzee wenye faida.

Nikapeleka sura za kwanza kwa dada wa kile kibanda, anayenipigia kwenye kompyuta. Alisoma ukurasa, akasimamisha vidole.

"Papa, hii si ile ya ku redio?"

"Redio gani?"

"Ya tonton, ule baba fundi mwenye kushona. Anaisema Ijumaa, magaribi. Bibi mwenye kuweka sahani. Mama yangu anaifuata, hata sauce inaungua." Akanitazama kwa heshima, na heshima ile iliniumiza. "Alors, alikuruhusu uiandike?"

Nilimwambia apige tu. Siku zile hata msikitini, tulipokuwa tukivaa viatu, mtu mmoja alinitania mbele ya wenzangu: "Muzee, sasa unakopia redio? Kichwa imekauka?" Wakacheka. Nilicheka nao, nikashindwa kuupata mlango wa kiatu changu.

Kwa kawaida magaribi huwa nimo msikitini na redio siisikii. Ijumaa iliyofuata niliswali nyumbani, nikaiwasha. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu, tamu kuliko nilivyoijua. Sentensi zilikuwa zangu, na zaidi ni zile ambazo cherehani ilizinyamazia. Alikuwa amezihifadhi neno kwa neno, kwa sikio, kama tulivyofundishwa sote wawili kuhifadhi tukiwa watoto juu ya mkeka ule. Mtangazaji akamwuliza anazitoa wapi hadithi kama hizi.

"Mu kichwa tu," alisema.

Mtangazaji akacheka, akawaambia wasikilizaji wasikose Ijumaa ijayo, watasikia mwisho.

Asubuhi nilikwenda kibandani. Alikuwa akishona sare za shule. Aliponiona alivuta kiti changu kile kile.

"Kaa, ndeko, ndugu yangu. Ulisikia?"

"Nilisikia. Mtangazaji alikuuliza."

"Bon, aliniuliza inatoka wapi, nikasema mu kichwa."

"Kichwa ya nani?"

"Ile hakuuliza." Akacheka, kisha akaona kwamba sicheki. "Eh, muzee, usinuniage. Miaka yote unanisomea, nani mwingine anasikia? Unatengeneza vitabu, watu wanafungia karanga mu kurasa. Mimi nimesema Ijumaa tatu tu, mu soko wamama wanalia. Si ni furaha yako?"

"Watu wanasema nimeiba hadithi yako."

"Itapita."

"Sema ku redio kwamba ni yangu. Neno moja tu."

Akashika kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Sasa hivi niseme namna gani? Watu wananisalimia mu njia. Hata muke yangu ananipikia vizuri." Kisha akaniambia neno ambalo bado nalibeba: "Na tangu zamani, hadithi yenye haina mwisho, si tulikuwa tunaimaliza wawili?"

Kwa upande mmoja alisema kweli. Vile vitabu vilivyonyonyoka tulivimaliza wawili. Lakini hiki hakikunyonyoka. Kurasa zake za mwisho zilikuwapo, mezani kwangu, zinamngoja yeye.

Akasogeza kiti karibu. "Ile mwisho iko namna gani? Bwana yake anarudi? Nisomee tu ile. Ijumaa iko karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alivuta kiti. Nilisimama, nikamtakia siku njema, nikatoka. Sikumtukana. Namshukuru Mungu kwa hilo pia, ingawa njiani matusi yote niliyoyajua kwa Kiswahili na Lingala yalinijia kwa mpangilio mzuri sana.

Ijumaa nilisikiliza tena. Fundi alijitungia mwisho wake. Mume alirudi juu ya pikipiki na dhahabu kiunoni, wakafanya sherehe, na rafiki yangu akakawia kweli kweli kwenye nguo za mke: kola, mikono ya puto, vifungo mpaka mgongoni. Watu walipiga simu kumpongeza. Mimi nilijua kwamba sasa nikitoa kitabu changu nitakuwa mwizi, tena mwizi aliyeiharibu mali aliyoiba. Nilikaa na zile kurasa za mwisho siku nyingi, nikiomba Mungu anionyeshe kama nizifungie kabatini. Sikupata ishara yoyote. Nilichokuwa nacho ni jibu la mwalimu wangu, na nilikuwa sijamdanganya mtu. Nikazipeleka zipigwe.

Dada yule alizipiga haraka mpaka pale ambapo, jioni moja kama nyingine, mwanamke anafunua sahani ya mume wake, anaketi, anakila chakula kile mwenyewe mpaka kinakwisha, anaiosha sahani, anairudisha pamoja na zingine. Vidole vikasimama.

"Papa, ku redio haiko hivi."

"Ndiyo."

Alirudia ukurasa, akisogeza midomo. "Ndo maana hakumaliza vizuri," alisema polepole, akinitazama upya. "Tonton hakukuwa na hii."

Ni mtu mmoja tu aliyeelewa. Wengine bado wanaiita hadithi ya fundi, na nakala nyingi zimelala kwangu. Uzi nilinunua dukani, si mzuri kama ule.

Nilipokuwa nikizipeleka nakala za kwanza, nikiwa juu ya toleka, tulipita mbele ya kibanda chake. Salamu ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake, nami siwezi kumnyima. Nilimwamkia. Akaitikia, na cherehani ikanyamaza. Niliusikia ukimya ule mpaka tulipokata kona. Kijana wa baiskeli alitaka kupunguza mwendo, nikamwambia twende.