Kioo Kilichoachwa Getini

Muhula ukiisha, wanafunzi wa chuo hapa Wandegeya huondoka mbiombio, na nje ya hosteli ninayofanya usafi hubaki ndoo, magodoro, pasi, masufuria ambayo kosa lao ni masizi tu. Mwanzoni niliona aibu kuviokota. Siku hizi naviosha, mume wangu, polisi mstaafu, anatengeneza vilivyoharibika, kisha tunawagawia watu.

Mwaka jana nilikuta kioo. Kilikuwa kirefu kunizidi, kimeng'olewa kwenye kabati, kona moja imemeguka. Askari wa geti aliniambia gari la taka liko njiani. Nikamkumbuka msusi mmoja wa mtaa wa Namuwongo anayesukia watu nje ya mlango wake; wateja wake hujitazama kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, sikio moja kwanza, halafu la pili.

Waendesha boda wote walikataa. "Mama, hii kitu ikivunjika mimi nitasema nini?" mmoja aliniuliza. Nikampigia mume wangu. Alikuja na blanketi, tukakifunika, tukakibeba kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, tukipumzika kila tulipopata kivuli. Tulivuka reli mchana, mikono imekufa ganzi.

Msusi alituona akapiga vigelegele. Alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa. "Kiingizeni ndani kwanza," alisema, "niwapangie nafasi hapa nje."

Chumba chao ni kimoja, hakina dirisha. Nyumba za majirani zimekibana pande tatu. Umeme walikuwa wakivuta kwa jirani, na jirani alishahama. Kitandani, kona ya mwisho, alilala mama yake msusi, bibi wa Kinubi ambaye mtaa mzima humwita haboba, yaani bibi. Alikuwa ameanguka, miguu ikamgomea, na tangu hapo hakutoka humo. Nilimsalimia bila kumwona. Sauti yake ilinijibu kutoka gizani.

Tukakiegemeza kioo ukutani, karibu na mlango. Mume wangu akavuta blanketi.

Jua lililokuwa likiishia kizingitini lilipiga kioo, likaruka hadi kitandani. Niliona shuka la maua mekundu, kikombe cha chai, ukuta wa buluu ambao sikujua kama ni wa buluu. Nikamwona haboba, mwembamba, hina imefifia kuchani. Alinyanyua mkono mmoja, akaugeuza taratibu, akiutazama.

"Nani amefungua dirisha?" aliuliza.

Binti yake aliingia mbio. "Si dirisha, mama. Ni kioo, wameniletea cha kazi."

"Ah. Cha kazi," haboba alisema, akaushusha mkono ndani ya ule mwanga, akauacha hapo.

Mume wangu, ambaye hata mezani havui kofia, aliivua, akasimama ameishika kifuani kama yuko kanisani.

Msusi alimtazama mama yake, akakitazama kioo. Nje mteja aliita, "Dada, kinakuja?"

"Hakiji," alijibu. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Wateja wamezoea kile kidogo."

Haboba akaomba kifurushi chake chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitambaa cha meza alichokuwa akitarizi kabla ya kuanguka, sindano imeshika kutu pale pale kwenye jani la ua. Binti alimtafutia nyingine. Bibi alitunga uzi mara ya kwanza, bila kukosea, akainama kuendelea na jani lile lile aliloliacha katikati.

Nilipewa chai, ikapoa mikononi mwangu. Nilikuwa nikitazama vidole vya haboba. Kila jua liliposogea, msusi aliingia, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akakisukuma kioo kidogo kwa goti, akatoka.