Jumapili Niliyoshuka Dunguni

Kanisa letu huku Ruaruke, bonde la Rufiji, ni la kaya kumi na moja, wote watu wa kuja: walimu, muuguzi wa zahanati, sisi wakulima wachache, na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Wenyeji wa bonde karibu wote ni Waislamu. Elimu yangu ni darasa la saba, na pengine nakumbuka mambo vile ninavyopenda yawe. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Jirani yangu wa shamba ni mama wa Kindengereko, mwenyeji wa hapa, mtu mzima wa kumwamkia shikamoo. Mpunga wake na wangu unagusana, na tulikuwa tukilinda kwa zamu kwenye dungu moja, kibanda cha juu ya miti, tunapiga debe kufukuza ndege na ngedere. Mpunga ulipoanza kuinama, akapata safari ya Mahege, arobaini ya kaka yake.

"Mwanangu, nakuachia," aliniambia. "Usishuke mpaka nirudi."

Nikamwambia aende kwa amani.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Nikasikia wanagonga lile rimu la gari tunalolitumia kama kengele. Nikajisemea ibada haichelewi, na ndege wa asubuhi wameshapita. Nikashuka.

Niliporudi, upande wangu ulikuwa mzima. Upande wake, karibu nusu ilikuwa imelala, imeliwa na kukanyagwa, alama za kwato zimejaa maji. Nilizifuata mpaka kwenye zizi la mzee wetu wa kanisa, mmoja wa wale wafugaji. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake, tunaimba.

Mama aliporudi alilia pale shambani, kisha akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akawaita yeye na mfugaji waje Alhamisi, na maneno yakaanza kuzagaa kwamba safari hii mfugaji atahamishwa yeye na mifugo yake. Jambo moja lilinishinda kuelewa: mama hakumwambia mtu yeyote nani alimwachia shamba.

Jumatano mwinjilisti alituita kanisani. Alisema tuseme yote, ila kila mmoja amseme mwenzake kama anavyomsema mtoto wake aliyekosa. Hatukuweza hata robo saa. Mwalimu mmoja alisema wafugaji wanaimaliza Rufiji na serikali iwaondoe. Muuguzi akasema huyu ni ndugu yetu katika Kristo, hatuwezi kumtoa kwa watu wa nje.

"Na yule mama si ndugu?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, nyama ya Krismasi ulikula kwa nani?" muuguzi akamrudishia.

"Kwake. Na wali nilikula wa yule mama."

Wachache walicheka. Mimi sikuweza.

Mfugaji akasimama. Alieleza kwamba ameshafukuzwa sehemu tatu, na kote huko walimhukumu kwa jina la wafugaji, si kwa jina lake. Kijana aliyemwajiri alishikwa na homa akalala, ng'ombe wakajiendea. Hakukana. Kisha akauliza taratibu, "Naomba kujua tu. Lile shamba halikuwa na mlinzi?"

Mwalimu alimjibu kwa ukali kwamba mwenye shamba alikuwa msibani. Wengi wakaitikia.

Niliangalia mikono yangu. Nikisema, mtendaji anaweza kumpunguzia mama haki yake. Nikinyamaza, huyu atabeba peke yake mzigo wa wawili, na pengine ahame. Niliona nahesabu hasara za watu, kumbe naogopa aibu yangu. Hata sasa sijui kipi kilinisimamisha.

"Mlinzi nilikuwa mimi," nikasema. "Nilishuka nikaja ibadani."

Muuguzi akasema kwa upole kwamba kuja kuabudu si dhambi, na upole wake ukaniumiza kuliko kama angenisema. Mfugaji akanigeukia.

"Dada, ng'ombe ni wangu," alisema. "Ulichosema hakiwatoi mpunga tumboni."

Jioni tulikwenda wawili kwa yule mama. Tulipiga hodi, akatupa mkeka. Mfugaji aliomba radhi, akaahidi kumlipa mpunga kwa mpunga na kuliandikisha hilo mbele ya mtendaji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza hali ya yule kijana mwenye homa. Nami nikasema langu. Alijua tayari, nyayo zangu zilikuwa chini ya ngazi ya dungu.

"Huyu sikumpa shamba langu," mama alisema. "Nilikupa wewe."

Alhamisi mfugaji alikiri, akakubaliwa kulipa, na habari ya kuhamishwa ikaishia hapo. Nilipoeleza upande wangu, mtendaji alimuuliza mama kama naye ananishitaki.

"Huyo tutamalizana dunguni," akajibu.

Kesho yake alinipitia nyumbani, hakuingia. Alisema zamu yangu ni Jumapili, akaenda zake.

Jumapili nikapanda. Sikumwuliza mwinjilisti kama nafanya sawa kukosa ibada. Niliogopa angeniruhusu, au angenikataza. Rimu likagongwa. Chini yangu mama alikuwa akikata mpunga uliobaki, ameinama. Mikono yake ikasimama. Hakuinua uso, ila hakuendelea kukata.

Nikachukua debe nikapiga. Ndege hawakuwapo. Kisu chake kikaanza tena.