Falanga ya mahari yenye herufi mbili-mbili

Leo nimeogopa mukwe wangu kupita vile niliogopa siku ya ndoa yangu.

Ni baba ya binti mwenye mutoto wangu alioa. Kwa mahari nilimupatia falanga moja ya chuma ya zamani, yenye herufi mbili-mbili. "Mukwe, hii iko rare, haipatikanake ovyo," nilimuambia, kifua mbele.

Jana njo nikajifunza. Kama chapa yenyewe ilichongwa mara mbili, herufi ya pili inavimba muzuri na ncha zake zinapasuka. Kama ni mashine tu iliteleza, inaacha ngazi ya bapa pembeni, na falanga haina bei.

Nikafungua foto ya ile falanga kwa telefone. Ngazi. Bapa kama sahani.

Leo asubuhi mukwe akanipigia: "Kuya kwangu haraka."

Nikaona tayari mutoto wangu anarudishiwa mahari, sababu ya baba muongo. Nilifika kwake ku Annexe, nikakiri yote mbele ya kukaa.

Akafunga mulango.

"Najua. Niliiangalia na lupe, kile kioo cha kukuza bintu. Lakini nimeisha kujisifia kwa bakubwa yangu bote. Dimanche, kisha misa, banakuja kuiona, na mumoja anauzaka bintu bya zamani."

"Sasa tutasema nini?"

"Tutasema? Wewe njo utabaambia."

Bandugu, nyinyi mungeanza na neno gani?